Bwawa Huanzia Mlimani

Kuna kasumba moja iliyokaa muda mrefu katika vichwa vya baadhi ya watendaji na wasomi wa nchi hii. Kasumba hiyo ni ile ya kuamini kwamba bwawa ni kazi ya mitambo na saruji tu. Kwamba huanza siku katapila la kwanza linaposhushwa kutoka kwenye lori, na kumalizika siku utepe unapokatwa na ngoma kupigwa. Kwa imani hiyo, mkulima anayeishi mlimani, juu ya bwawa, hana sehemu yoyote katika shughuli hiyo, isipokuwa kushangilia msafara wa wageni unapopita na kuonywa asikaribie maji. Kasumba hii haina budi kung'olewa na mizizi yake, maana gharama yake hulipwa na umma, na mara nyingine hulipwa kwa roho za watu.

Anayetaka kuujua uongo wa imani hiyo na apande Mapera, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Katika miteremko ya Umatengo, ambako mgeni hutembea kwa kushika majani asiporomoke, wananchi wamelima kwa zaidi ya karne moja bila kuiachia ardhi yao iteremke pamoja na maji. Masika yanapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani, huyaacha yakauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatana, mpaka mlima mzima unafanana na wavu uliotandazwa. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani hayo. Shimo hubaki katikati, likizungukwa na kingo nne. Juu ya kingo hizo hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Hiyo ndiyo ngoro.

Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea fungu lake. Maji hutulia humo na kuzama ardhini taratibu, na udongo uliochukuliwa huishia shimoni badala ya kukimbilia mtoni. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Hakuna bwana shamba wa Kijerumani wala wa Kiingereza aliyewafundisha Wamatengo kazi hiyo. Waliibuni wenyewe, wakiwa wamejikusanya milimani katika karne ya 19 kukwepa mashambulizi, wakiwa na ardhi finyu na yenye mwinuko mkali, bila ruzuku na bila mtaalamu kutoka nje.

Sasa basi, kutoka katika nyanda hizo za juu hutiririka vijito vingi. Vingine huelekea Mto Ruvuma, vingine hushuka moja kwa moja Ziwa Nyasa, na vingine huingia Mto Ruhuhu, ambao ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani humo kutoka upande wa Tanzania na ambao humwaga maji yake karibu na Lituhi. Katika Mto Ruhuhu huo huo, mipango ya Taifa ya umeme imeweka bwawa la Kikonge, linalokadiriwa kutoa megawati 300 pamoja na maji ya kumwagilia mashamba. Ni mpango mzuri. Mikoa ya kusini ilikaa gizani kwa miaka mingi huku ikipitiwa na mito mikubwa, na hakuna mzalendo atakayeupinga. Lakini kabla jiwe la kwanza halijawekwa, lipo swali linalopaswa kujibiwa waziwazi: je, katika hesabu ya mradi huo, mlima umeandikwa? Au kilichoandikwa ni saruji, mafuta, magari na posho peke yake?

Swali hili si la kubahatisha. Taifa hili limekwisha kulipa ada ya somo hilo. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilijenga mabwawa ya Hombolo na Ikowa katika eneo la Dodoma. Yalijengwa penye korongo, kama kawaida, na vilima vya juu yake vikaachwa vivyo hivyo, vikiwa havina miti wala nyasi za kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden wakiongozwa na Anders Rapp, waliipima mitelemko na mabwawa ya eneo hilo. Matokeo yao yalitolewa mwaka 1972. Waliona mabwawa yakijaa mchanga na tope kwa kasi ya kutisha, kiasi kwamba umri wake ulikuwa wa kuhesabiwa kwa miongo michache tu. Ukuta ulikuwa umesimama, lakini nafasi ya maji ilikuwa inaliwa kila masika. Bwawa la namna hiyo hufa bila kelele. Hakuna siku ya msiba, hakuna tume, hakuna anayewajibishwa. Ipo tu siku ambayo mama anakwenda kuteka maji na kukuta ng'ombe wanatembea mahali palipokuwa na kina.

Hapana budi ieleweke pia bwawa la udongo na mawe ni kitu gani, maana wapo wanaodhani ni lundo la kifusi lililomwagwa kuziba bonde. Bwawa hilo ni kazi ya uvumilivu. Kwanza huchimbwa handaki refu katika msingi, kupita udongo laini hadi kufikia mwamba au tabaka lisilopitisha maji. Mwamba wenye nyufa huchomwa matundu na kupigwa uji wa saruji mpaka nyufa zizibe. Katikati hujengwa kiini cha udongo wa mfinyanzi, ambacho ndicho kinachozuia maji. Kandokando ya kiini huwekwa tabaka la mchanga na kokoto zilizochekechwa kwa vipimo, ili maji kidogo yatakayopenya yatoke bila kubeba chembe za mfinyanzi. Nje kabisa hupangwa mawe na udongo mzito, unaoupa ukuta uzito wa kusimama. Udongo wote huo haumwagwi kwa wakati mmoja. Hutandazwa tabaka baada ya tabaka, kila moja la sentimita chache, hunyunyiziwa maji kwa kiasi chake, hushindiliwa kwa mashine, hupimwa, na ndipo tabaka jingine huwekwa. Ukiwa mkavu mno hauwezi kushikamana. Ukiwa na maji mengi hugeuka uji. Mwisho kabisa hujengwa utoro, yaani njia imara ya kupitishia maji ya ziada, kwa sababu ukuta wa udongo ukifurikwa juu hukatwa na maji kama mkate unavyokatwa kwa kisu.

Mkulima wa Mapera akielezwa mambo hayo hatashangaa. Tangu utotoni anajua kwamba maji hayashindwi kwa kiburi; hupewa pa kutulia na pa kupitia. Anayeshangaa ni mtendaji mwenye haraka ya sherehe. Huyo huona kupima kila tabaka ni kuchelewesha kazi. Huona utoro ni gharama inayoweza kupunguzwa. Huona tabaka la mchanga uliochekechwa ni anasa ya wahandisi, maana halitaonekana siku ya uzinduzi. Malambo mangapi ya vijijini yamebomoka katika masika ya kwanza au ya pili kwa sababu hiyo! Na kila mara kosa hubebeshwa mvua, kana kwamba mvua ni mgeni asiyetarajiwa katika nchi hii.

Dunia imejaa makaburi yanayothibitisha jambo hilo. Tarehe 5 Juni 1976, huko Idaho, Marekani, bwawa la udongo la Teton, lenye kimo cha mita 93, lilibomoka likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi yalionekana maji machafu yakitoka ukutani. Kabla ya saa sita mchana ukuta ulikuwa umekwenda, na watu 11 wakafa. Maji yalikuwa yamepita katika nyufa za mwamba na kuula udongo kutoka ndani. Utajiri wa Marekani haukusaidia kitu mahali ambapo msingi ulidharauliwa.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kwa majirani huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba kubwa la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua nyingi. Watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto, walisombwa wakiwa majumbani mwao. Hapo ndipo mtu anapoona maana ya ardhi na maji kuwa mali ya wachache: maji yalihifadhiwa juu kwa faida ya shamba la tajiri, na wavuja jasho wakalala chini yake bila kuulizwa wala kuonywa.

Na usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mji wa Derna nchini Libya ulipoteza maelfu ya watu baada ya mabwawa mawili ya mawe yenye kiini cha mfinyanzi, yaliyojengwa miaka ya 1970, kubomoka kwa tufani. Nyufa zilikuwa zimeonekana miaka mingi kabla. Fedha za ukarabati zilikuwa zimetengwa. Mkandarasi alikuwa amepatikana. Kazi haikumalizika. Nchi ilikuwa imevurugwa na vita iliyochochewa na mabomu ya mabeberu mwaka 2011, na waliobaki ofisini walikuwa wakigombea madaraka. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 vifungo kwa uzembe huo. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini haikumrudisha mtoto hata mmoja. Bwawa la udongo halisameheki kwa faili kukaa mezani. Linataka mtu wa kulikagua kila mwaka, kung'oa miti inayoota ukutani, kuziba mashimo ya panya na mchwa, na kuzibua utoro kabla ya masika.

Wapo watakaodai kwamba mifano hiyo inaonyesha mabwawa makubwa si ya nchi changa. Huo ni wimbo wa zamani wa mabeberu, na historia imeshaujibu. Mwaka 1956 Marekani na Uingereza ziliondoa ahadi zao za kuikopesha Misri fedha za kujenga Bwawa Kuu la Aswan, zikitumaini kuipigisha magoti serikali ya Gamal Abdel Nasser. Nasser alijibu tarehe 26 Julai mwaka huo kwa kuutaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza ikashiriki kumvamia, ikashindwa. Kwa msaada wa Urusi ya wakati huo, Misri ilianza ujenzi mwaka 1960 na kuumaliza mwaka 1970: ukuta wa mawe na mchanga wenye kiini cha mfinyanzi, kimo mita 111, urefu karibu kilomita 4. Na waliousanifu hawakulisahau tope la Nile. Walitenga chini ya ziwa nafasi ya mita za ujazo bilioni 31 ya kulipokea tope hilo kwa mamia ya miaka.

Tanzania nayo imepita njia hiyo. Bwawa la Rufiji lilichunguzwa katika miaka ya 1970, mamlaka ya bonde hilo ikaundwa mwaka 1975, na wenye fedha wa nje wakakataa kulifadhili, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2018 Serikali ilitia saini mkataba wa kulijenga kwa fedha za nchi. Mojawapo ya kampuni za Misri zilizopewa kazi hiyo ni ile ile ambayo makandarasi wake walijifunzia kazi Aswan. Ijapokuwa ukuta wake mkuu ni wa zege lililoshindiliwa na si wa udongo, somo ni lile lile: Mmisri aliyebeba mawe Aswan amekuja Rufiji akiwa mwalimu. Umeme wa kwanza ulitoka mwaka 2024, na mwaka uliofuata mitambo yote 9 ikawa imekamilika, yenye uwezo wa megawati 2,115. Kidatu, ukuta wa udongo na mawe wenye kimo cha mita 40, umesimama tangu mwaka 1975. Kwa hiyo hakuna hoja ya kwamba Mwafrika hawezi kuwa na bwawa. Hoja ni jinsi ya kulijenga na ni nani anayehesabiwa kuwa mjenzi wake.

Hapa ndipo hoja inaporudi Mapera. Aswan ilikuwa na bonde kubwa la kuzika tope. Mabonde ya Ruvuma hayana ukubwa huo. Mahali pa kulizuia tope la Ruhuhu ni kule kule linakotoka, shambani, kabla halijawa tope. Kwa maneno mengine, mkulima wa ngoro ni mjenzi wa bwawa, na kila shimo lake ni bwawa dogo lisilohitaji saruji. Anapoacha ngoro na kulima matuta yanayofuata mteremko, au anapochoma mlima ili apate shamba jipya, anaubomoa ukuta wa Kikonge kabla haujajengwa.

Lakini ni nani anayemfanya aache? Ni ukosefu wa haki, na wala si ujinga wake. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Mbinga ulipoporomoka katika miaka ya 1990, katika kile kilichosifiwa kuwa soko huria, mkulima alibaki bila mkopo wa mbolea na bila bei ya kutegemea, mikononi mwa walanguzi. Wengi walilazimika kushuka mabondeni na kufyeka misitu ili wapate chakula. Aidha ngoro ni kazi nzito ya mikono, na sehemu kubwa ya uzito huo humwangukia mwanamke. Kumtaka aendelee kuinama mlimani ili mtambo wa umeme usizibwe na mchanga, huku yeye mwenyewe akiwasha kibatari, ni unyonyaji, hata kama utapewa jina la hifadhi ya mazingira.

Wala njia ya amri haifai. Wakoloni waliijaribu Uluguru. Waliwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi mlimani kwa faini na vitisho, na mwaka 1955 wananchi wakakataa; ikatokea ghasia, na damu ikamwagika. Udongo haukupona na serikali ikaaibika. Linganisha na hali ya Kindimba, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wananchi wa kijiji hicho, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walijenga kwa mikono yao mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, na wakaisimamia kupitia kamati waliyoipa jina la baraza lao la jadi, Sengu. Walipoona kwamba maji ya mto yanasaga mahindi yao wenyewe, walianza kupanda miti kulinda chanzo chake. Hakuna aliyewatoza faini. Faida iliwafikia, wakailinda.

Kwa hiyo wajibu wa wapangaji ni bayana. Kwanza, hesabu ya kila bwawa kubwa, kuanzia Kikonge, iwe na fungu la mlima: miche, majani, zana za kupunguza uzito wa jembe, na maofisa ugani wanaokaa kijijini badala ya kupita na gari. Fungu hilo lianze kutumika kabla ya ukuta, maana mlima hauponi kwa mwaka mmoja. Pili, sehemu ya mapato ya umeme irudi kwa vijiji vinavyolinda maji, kwa sheria na si kwa hisani. Uluguru hiyo hiyo imeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, pale wakulima wa Kibungo Juu walipoanza kulipwa na watumiaji wa maji walio chini kwa kulinda mitelemko yao. Tatu, vijiji vya Umatengo vipate umeme wa bwawa hilo pamoja na miji, si miaka ishirini baadaye. Nne, hakuna bwawa wala lambo lizinduliwe kabla vipimo vya ushindiliaji na ukubwa wa utoro havijasomwa mbele ya mkutano wa kijiji kilicho chini yake. Watakaolala chini ya ukuta wana haki ya kujua ulijengwaje.

Kuna watakaosema mambo haya yanaongeza gharama. Ni kweli, yanaongeza. Bwawa lililojaa mchanga nalo lina gharama: deni lake hulipwa na wajukuu ambao hawakuliona likiwa na maji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja ardhi kuwa mojawapo ya misingi ya maendeleo, na likaonya dhidi ya kuitegemea fedha kana kwamba ndiyo msingi. Yeyote anayetaka kupanga bwawa la Ruhuhu kwa kuhesabu fedha na kuisahau ardhi, na watu walioishika ardhi hiyo isiondoke, amelisahau Azimio.

Mvua ya masika itanyesha Mapera iwapo mipango itakuwa tayari au haitakuwa tayari. Katika shamba lenye ngoro, maji yatatulia. Katika shamba lililoachwa, yatashuka mekundu kuelekea mtoni. Kazi ya Chama na Serikali ni kuhakikisha kwamba mama aliyeinama na jembe katika mteremko ule anahesabiwa, analipwa, na anawashiwa taa, kabla mhandisi hajachora mstari wa kwanza wa ukuta.